Kwanza Msome Mtafutaji: Data Kubwa na Akiolojia ya Zama za Kati



Ukifungua ramani ya vitu vya kale vilivyookotwa England na Wales utaona nchi imejaa madoa. Upande wa mashariki, kuanzia Suffolk na Norfolk hadi Lincolnshire, madoa yamesongamana hata ardhi haionekani. Kwenye milima ya Wales yanakuwa machache, na yako sehemu ambazo hayapo kabisa. Mwanafunzi anayeiona ramani hiyo mara ya kwanza husema: huku waliishi watu wengi, kule wachache. Jibu hilo lina ukweli kidogo ndani yake. Lakini kinachoonekana kwanza pale ni mashamba yanayolimwa kwa trekta na watu wa leo wenye nafasi ya kuyazunguka Jumapili wakiwa na ditekta mkononi. Watu wa karne ya 8 nao wamo, ila wamesimama nyuma ya hawa, na hatuwezi kuwafikia bila kupita kwa hawa.

Hilo ndilo nitakalolitetea leo. Hazina kubwa ya data ya akiolojia ni kumbukumbu ya waliotafuta kabla haijawa kumbukumbu ya waliotafutwa. Nitachukua mfano wa Uingereza kwa sababu huko jambo hili limefanyiwa kazi kwa muda mrefu na makosa yake yako wazi. Pwani yetu ya Afrika Mashariki nitaifikia baadaye, tena kwa njia ya sarafu.

Ditekta za metali zilianza kuuzwa kwa wingi Uingereza miaka ya 1970. Hapa kwetu wachimbaji wadogo wa dhahabu wanazijua vizuri: unapitisha sahani juu ya udongo, ikilia unachimba. Kule waliozinunua walikuwa mafundi, wastaafu, madereva, watu waliopenda historia na kutembea. Wanaakiolojia wengi waliwachukia. Mwaka 1980 walianzisha kampeni ya kuwapinga, wakiwaita wezi wa historia ya taifa. Norfolk walifanya kinyume: waliamua kuzungumza nao, wakawaomba walete walivyookota viandikwe kisha warudishiwe. Kwa hiyo wingi wa madoa ya Norfolk kwenye ramani yangu ni, kwa kiasi fulani, matunda ya adabu ya wanaakiolojia wachache miaka hamsini iliyopita. Sijui ni kigezo gani cha takwimu kingeweza kugundua jambo hilo kama lisingesimuliwa na watu.

Sheria ilifuata. Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 iliamuru kwamba anayepata dhahabu au fedha ya zaidi ya miaka 300 atoe taarifa ndani ya siku 14. Lakini sehemu kubwa ya vinavyookotwa si hazina kwa mujibu wa sheria. Ni bizimu za shaba, vishikizo vya mikanda, pini, sarafu moja moja, vipande vya risasi. Kwa ajili ya hivyo ulianzishwa mwaka 1997 mpango wa hiari uitwao Portable Antiquities Scheme, ambao sasa husimamiwa na British Museum, na kufikia mwaka 2003 ukawa umeenea England na Wales yote. Mpango una maafisa wapatao arobaini mikoani. Mtafutaji anakuja na mfuko wake, afisa anapima kitu, anakipiga picha, anakadiria umri wake, anauliza kilipatikana wapi na kwa njia gani, kisha anaingiza yote kwenye hifadhidata iliyo wazi kwenye intaneti. Mahali penyewe umma huonyeshwa kwa kadirio la kilomita moja tu, ili wezi wa usiku wasipate ramani ya bure. Mtafiti anayeomba kwa hoja hupewa kipimo kamili. Hadi sasa vimeandikwa vitu zaidi ya milioni 1.5.

Kampuni ya simu hukusanya rekodi kiasi hicho kabla ya chai ya saa nne, na watu wa kompyuta watacheka nikiita hiyo data kubwa. Kwetu sisi ni kubwa. Mwanaakiolojia wa kizazi cha mwalimu wangu aliandika tasnifu nzima kwa vigae vya mtaro mmoja.

Nini kimebadilika basi? Chukua sarafu. Kuanzia miaka ya 670 hivi hadi katikati ya karne ya 8, kusini na mashariki mwa England na ng'ambo ya bahari kwenye pwani ya Frisia, zilitumika sarafu ndogo za fedha zenye uzito wa gramu moja na kitu, ambazo wataalamu huziita sceatta. Zamani zilijulikana hasa kutokana na mafungu yaliyofukiwa na makaburi machache, na wanahistoria wakafikiri fedha taslimu ilikuwa mambo ya wafalme na maaskofu. Kisha hifadhidata ya sarafu za mwaka 410 hadi 1180, iliyoasisiwa na Mark Blackburn katika jumba la makumbusho la Fitzwilliam mjini Cambridge, ikaanza kuandika sarafu zilizodondoshwa moja moja. Zikawa mamia, zikawa maelfu, nyingi zikitoka kwenye mashamba ya vijijini. Fungu la sarafu lililofukiwa linakueleza hofu ya mtu mmoja siku moja. Sarafu iliyodondoka njiani haikukusudiwa na mtu, na zikiwa maelfu zinakueleza mikono mingapi ilikuwa ikishika fedha. Picha ya uchumi wa karne ya 8 ilibidi ichorwe upya, na hakuna mtaro mmoja uliochimbwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Torksey, kijiji kilicho kando ya mto Trent huko Lincolnshire. Kumbukumbu za Waanglo-Saksoni zinasema kwamba jeshi kubwa la Waviking lilipiga kambi Torksey majira ya baridi ya mwaka 872 hadi 873. Hazisemi mengi zaidi. Kambi ya msimu mmoja, ya mahema, haiachi misingi wala kuta. Ukichimba mitaro pale unaweza kumaliza fedha zako zote usione kitu, kwa sababu kila kilichosalia kimo ndani ya udongo wa juu unaopinduliwa na plau kila mwaka. Watafutaji wachache wa ditekta walilizunguka eneo hilo kwa miaka mingi na vitu vyao vikaandikwa kimoja kimoja. Dawn Hadley na Julian Richards walipoviweka pamoja ilionekana kambi yenye ukubwa wa hekta 55 hivi. Palikuwa na mamia ya mawe ya mizani, vipande vya fedha vilivyokatwakatwa ili vipimwe, dalili za kuyeyusha metali, mamia ya kete za risasi za kuchezea, maana jeshi lililokaa miezi ya baridi bila vita linahitaji mchezo. Na palikuwa na vipande vya dirhamu zaidi ya mia moja, fedha ya dola ya Kiislamu iliyopita mito ya mashariki mwa Ulaya na Skandinavia hadi ikafika kukatwa vipande kwenye tope la Lincolnshire.

Ikishajulikana sura ya kambi moja, unaweza kuitafuta sura hiyo ndani ya hifadhidata. Pale ambapo kete za risasi, mawe ya mizani, dirhamu zilizokatwa na sarafu za shaba za Northumbria vimeokotwa pamoja, pana sababu ya kuuliza kama jeshi lile lilipita. Aldwark, karibu na York, ilitambulika kuwa kambi ya aina hiyo hiyo. Kwa njia hii safari za jeshi ambazo waandishi wa zamani walizitaja kwa sentensi moja moja zinaanza kupata vituo.

Angalieni kilichofanyika hapa. Hakuna aliyehesabu madoa na kusema penye mengi pana watu wengi. Walilinganisha uwiano: katika kila vitu mia, mangapi ni mawe ya mizani, ngapi ni pini, ngapi ni sarafu. Mahali palipotafutwa na watu watano kwa miaka ishirini patatoa vitu vingi kuliko mahali palipotafutwa na mtu mmoja kwa mwezi, lakini uwiano wa pini kwa sarafu haubadiliki kirahisi kwa sababu ya bidii. Mradi wa Chuo Kikuu cha York uliojulikana kama VASLE, wa miaka ya 2004 hadi 2007, ulitumia njia hiyo kwa makazi mengi ya Waanglo-Saksoni na Waviking. Kabla yake kulikuwa na tabia ya kuyaita mashamba fulani yaliyotoa metali nyingi "maeneo yenye mazao" na kudhani yote yalikuwa masoko. Ulipotazama uwiano, kundi hilo lilivunjika. Mengine yalikuwa makazi ya kawaida ambayo leo yana bahati ya kuwa chini ya shamba linalolimwa, lenye mwenye shamba mkarimu.

Sasa nije kwenye matundu ya data hii, na hapa nitakaa, maana ndipo wanafunzi wangu wanapoharakisha.

Kuna ardhi isiyotafutwa. Kwenye maeneo ya kale yanayolindwa kisheria, kutumia ditekta bila kibali ni kosa. Kwenye viwanja vya mazoezi ya jeshi hakuna anayeingia. Msituni ni shida, mjini pana lami, na malisho ya milimani hayapinduliwi na plau, kwa hiyo metali imelala chini kuliko ditekta inavyosikia. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakutuambia kwamba vitanda vingine viko kwenye vyumba vilivyofungwa. Matokeo yake ni kichekesho kichungu: maeneo tunayojua kwa hakika kwamba yalikuwa muhimu ndiyo yanayoonekana matupu kwenye ramani, kwa sababu tunayalinda.

Kuna vitu visivyotafutwa. Watafutaji wengi huiweka ditekta yao ipuuze chuma, kwa kuwa shamba limejaa misumari. Basi kisu cha mkulima wa karne ya 10 hakimo, na kufuli lake halimo. Mbao, ngozi, mfupa na chungu havilii. Ukiiamini hifadhidata bila kujua hayo utaandika historia ya watu waliovaa shaba na kula fedha.

Kuna pia nyakati. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliwakumba ng'ombe na kondoo wa Uingereza, vijijini kukafungwa, na watafutaji wakazuiwa mashambani. Mwaka 2020 korona iliwafungia watu majumbani, wakaanza kulima bustani. Kukaandikwa vitu vilivyotoka bustanini, na kati yake sarafu 50 za dhahabu za Afrika Kusini, Krugerrand za karne ya 20, zilizokuwa zimefukiwa katika mji wa Milton Keynes. Mtu wa baadaye atakayechora grafu ya mwaka huo bila kujua korona ataamini Waingereza wa kale walikuwa wakizika mali zao nyuma ya jikoni.

Dawa yake ipo, nayo ni kazi ngumu isiyo na sifa. Katherine Robbins, katika tasnifu yake ya Southampton, alichunguza kwa undani nini kinachoamua kitu kiokotwe na kisha kiandikwe: aina ya udongo, kilimo, barabara, ruhusa ya mwenye shamba, umbali wa afisa, na ladha ya mtafutaji mwenyewe. Ukishachora ramani ya mahali panapowezekana kutafutwa, unaiamuru kompyuta irushe madoa kwa bahati nasibu ndani ya sehemu hizo tu, mara elfu na zaidi. Kisha unalinganisha na madoa halisi. Pale ambapo madoa halisi yamezidi sana yale ya bahati, hapo ndipo unapoweza kuanza kusema habari za watu wa kale. Mara nyingi kinachobaki ni kidogo kuliko ulivyotarajia, na hicho kidogo kina nguvu.

Njia nyingine ni kutosubiri kuokotewa. Carenza Lewis aliwaongoza maelfu ya watu wa kawaida, wengi wao wanafunzi wa shule, kuchimba mashimo ya mita moja kwa mita moja kwenye bustani na viwanja vya vijiji vinavyokaliwa hadi leo mashariki mwa England. Yalipita elfu mbili kwa idadi, kwenye makazi 55. Kila shimo lilichimbwa kwa kanuni ile ile, vigae vikahesabiwa kwa kipindi. Walipolinganisha vigae vya kabla ya tauni ya 1348 na 1349 na vile vya baada yake, idadi ya mashimo yenye dalili za watu ilishuka kwa takribani asilimia 45. Wanahistoria walikuwa wakibishana kwa miaka mingi kwa kutumia daftari za makabaila. Hapa ushahidi umetoka kwa vyungu vya watu ambao daftari hizo ziliwataja kwa nadra. Kilichoipa hesabu ile uzito ni mashimo yaliyotoka matupu, kwa sababu nayo yaliandikwa. Mtu wa ditekta akitembea siku nzima asipate kitu, anakwenda nyumbani, na siku hiyo haimo kwenye hifadhidata yoyote.

Tatizo la mipaka ya nyakati nitaligusa tu. England huanza Zama za Kati za mwanzo mwaka 410. Wanaakiolojia wa Skandinavia huhesabu wakati wa Waviking kuwa mwisho wa Zama za Chuma, na Zama zao za Kati huanza karne ya 11. Ukiunganisha hifadhidata mbili bila kutazama miaka, bizimu mbili kutoka kwa fundi mmoja zitakaa katika zama mbili. Suluhisho ni kuandika miaka kwa tarakimu na kuacha majina ya zama yawe mapambo.

Na pwani yetu je? Zile dirhamu za Torksey zilikuwa tawi moja la fedha ya dola ya Kiislamu. Tawi jingine lilishuka Bahari ya Hindi. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, liligunduliwa fungu la sarafu zaidi ya 2,000, karibu zote ndogo za fedha, zilizofukiwa katika karne ya 11. Pamoja na dinari chache za dhahabu za kigeni, nyingi kabisa zilikuwa za watawala wa hapa hapa, jina la mtawala upande mmoja na upande wa pili maneno ya kumcha Mungu yanayoafikiana nalo kwa vina. Kilwa nao walipiga za shaba kwa mtindo huo huo wa vina. Sarafu moja ya Kilwa, yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, ilikutwa Great Zimbabwe. Nyingine ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na jinsi zilivyofika huko ni mjadala ambao mimi siuingii, kwa sababu sarafu zilizookotwa ufukweni bila kuandikwa mahali zilipolala haziwezi kuubeba.

Linganisheni na Songo Mnara, magofu ya mji jirani na Kilwa. Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walichimba pale na kuandika mahali pa kila sarafu kwa kipimo kamili; zilikuwa mamia, za shaba. Zilikutwa ndani ya nyumba, uani, na nyingine makaburini, kwa hiyo tunaweza kuuliza kama sarafu ya Kilwa ilikuwa ya kununulia tu, au ilikuwa pia kitu cha kuwekewa marehemu. Swali hilo halijibiki kwa sarafu iliyomo kwenye sanduku la kabati la makumbusho yenye lebo moja tu: "Kilwa".

Kuna wanaoniuliza kama Tanzania na Kenya nazo zifungue mlango kwa ditekta kama Uingereza. Jibu langu ni hapana. Sheria yetu ya Tanzania ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imefunga uchimbaji usio na kibali, na sioni sababu ya kuulegeza mlango huo. Magofu yetu hayako kwenye mashamba yaliyokwisha kuvurugwa na plau. Mengi tabaka zake bado zimelala kwa mpangilio, na kila shimo la mtafutaji lingekuwa hasara. Isitoshe, ushahidi wetu mkubwa ni vigae. Kazi kubwa ya data iliyofanywa pwani ilitokana navyo: Fleisher na Wynne-Jones walipitia upya vyungu vya karne ya 7 hadi ya 10 vilivyokuwa vimetawanyika kwenye makusanyo ya uchimbaji mbalimbali, wakavipima kwa vigezo vya aina moja, wakaiweka hifadhidata yake wazi. Ilionekana kwamba ule uliosemwa kuwa mtindo mmoja wa vyungu kutoka Kenya hadi Msumbiji una tofauti nyingi za mahali hadi mahali. Hakuna jembe lililotumika. Makabati yetu ya makumbusho yana kazi ya namna hiyo ya kutosha kwa wanafunzi wa vizazi viwili.

Nina wasiwasi mmoja na vifaa vipya vinavyokuja. Mradi uitwao Zamani, wa Chuo Kikuu cha Cape Town, umeyapima kwa miale ya leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, na mradi wa MAEASaM, ulioanza mwaka 2020, unaandikisha maeneo ya kale yaliyo hatarini katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Kenya na Tanzania, kwa kutumia picha za setilaiti. Kazi hizo nazishukuru. Lakini setilaiti inaona mawe ya matumbawe kama ditekta inavyosikia shaba. Sehemu kubwa ya watu wa miji ya Waswahili iliishi kwenye nyumba za udongo na miti zilizoezekwa makuti, na hizo kutoka angani hazipo. Tukijaza ramani kwa kuta za mawe peke yake, tutakuwa tumeandika upya, kwa mashine za bei kubwa, ile historia ya zamani ya masultani na misikiti ambayo tumehangaika tangu miaka ya 1980 kuipanua.

Kaskazini mwa Pemba Fleisher alifanya kinyume. Alipima eneo kwa sampuli ya bahati nasibu, akachimba mashimo madogo ya koleo hata mahali pasipo na dalili yoyote, na kila shimo likaandikwa. Ikaonekana vijiji vilivyokuwa vimetapakaa hadi karne ya 10 viliachwa kadiri miji kama Chwaka ilipokua; watu wa mashamba walihamia mjini. Hoja hiyo inasimama juu ya mashimo yasiyotoa hata kigae kimoja. Fomu za uandikishaji nilizoziona katika nchi zetu hazina safu ya kuandikia mahali palipotafutwa pasipatikane kitu, wala safu ya nani alitafuta, kwa saa ngapi, msimu gani, majani yakiwa na urefu gani. Safu hizo ziongezwe sasa, kabla fomu hazijaingizwa kwenye kompyuta, kwa sababu mwaka kesho hakuna atakayekumbuka alipita wapi.

 Wenye makabati ya vigae ofisini kwao wasiondoke kabla hatujazungumza.